Bima ya Noa ya Namsifu

"Mwavuli wa wawili huulizwa kabla ya mvua." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Ilizaliwa kwetu milimani Same, na ilianza hivi.

Elinihaki na mdogo wake Namsifu walichanga wakanunua Noa ya kubebea tangawizi. Gari hilo ndilo lililowalisha wao na mama yao. Kaka mtu akakata bima kubwa, akatangaza mbele ya chakula kwamba sasa wamekingwa wote. Na nyumba ile ilikuwa na mazoea yake: ufunguo ukining'inia msumarini, gari ni la yeyote atakayeutungua.

Ikafika siku ya kumpeleka binti wa Elinihaki kwa wakwe. Kwa kuwa shangazi ndiye humsindikiza bibi harusi, Namsifu akaambiwa aendeshe.

"Kaka, hiyo bima inanijua?" akauliza.

"Kwani gari si lako?"

"Gari ni langu. Nauliza bima."

Namsifu akampigia simu wakala wa bima. Kumbe waliotajwa ni Elinihaki na mkewe tu. Mwingine yeyote akigonga, hata awe mwenye gari, hasara ni yao wenyewe. Namsifu akaketi, akasema haondoki mpaka naye aongezwe. Alisemwa, jamani! Wifi yake akasema anaringa, mama akasonya, wapiga ngoma wakaanza kusinzia. Machozi yalimlenga, lakini hakuinuka. Mchana wakala akapiga simu: tayari ameongezwa.

Wakateremka. Kwenye kona wakamkuta ng'ombe kalala katikati ya njia. Namsifu akakata usukani, Noa ikajibamiza kwenye kingo. Watu wakatoka wazima, ila gari lilibonyea uso wote.

Mkaguzi wa bima alipofika, Elinihaki, akihofu jina la dada yake bado halijaandikwa, akanong'ona, "Nitasema nilikuwa naendesha mimi."

"Uongo wa nini, kaka?" Namsifu akasogea mbele. "Dereva ni mimi, Namsifu."

Mkaguzi akahakikisha. "Umo, mama. Gari lako litatengenezwa."

Vigelegele vilipigwa pale pale barabarani, na wifi yake ndiye aliyeanza. Siku Noa iliporudi, Elinihaki alimketisha dada yake mbele ya ukoo mzima. Alikuwa mbishi tangu utotoni, lakini siku hiyo alikiri kwa furaha, kila mtu akisikia:

"Namsifu umetuokoa. Mwavuli wa wawili huulizwa kabla ya mvua."