Sange Akandika Ukuta Unaopumua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kugombana kama sisi, kulikuwa na kijiji chenye kiwanja kisicho na ukuta wala mlango. Jua likizidi ukali, kila mmoja alibeba chungu chake cha kupikia ili achotee maji, wakajikusanya kwenye tope la baridi kando ya kisima cha hapo kiwanjani, kazi zote zikasimama. Upepo ukirudi, kila mtu alichukua chungu chake akaenda zake kupika. Hakuna aliyehitaji kufukuzwa.

Mwaka mmoja upepo ulirudi, lakini Kifaru, Nyati na Kiboko hawakubanduka. Walibanana pale katikati, vyungu vya kijiji kizima vikiwa chini ya matumbo yao. Eti wakiachana tu, jua litarudi. Tope nalo likaanza kukauka, likawashika miguu.

Sange, mama mmoja mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, alikwenda kuomba chungu chake. Nyumbani mwanawe Kidoto alikuwa na homa, hajatia uji mdomoni tangu jana, na sauti yake ilikuwa inafifia. Sange alibembeleza, akapiga magoti, akalia. Kifaru alifumbua jicho moja tu, akamwambia asisumbue watu wazima.

Sange akainuka. Akalitazama lile tope kavu, akageuka, huyoo, mbio kuwaita majirani waje kukandika nyumba. Kwao, mtu akiitwa kukandika haulizi maswali, anakuja na udongo na maji. Kindi akaja, Pimbi akaja na wanawe wote.

Pa! Udongo mbichi mgongoni mwa Kifaru. Pa! Pa! Masikioni mwa Nyati. Maji yakachuruzika mpaka miguuni.

"Mnafanya nini nyie?" Kifaru akanguruma.

"Jamani, ukuta unasema," Sange akawaambia wenzake. "Ongezeni maji, huenda una ufa."

"Mimi si ukuta. Mimi ni Kifaru!"

"Kifaru namjua, baba. Kifaru hutembea. Huu umesimama hapa tangu upepo urudi. Pimbi, lete fito tuanze paa."

Nyati aliposikia habari za fito, akili ikamrudi. "Usinichome na fito, mama. Tazama, natembea."

Akavuta mguu. Tope lilikwisha lainika: chwaa! Kiboko naye akachomoka, maana hakutaka kubaki abebe paa. Kifaru akainuka wa mwisho, amejaa udongo hadi puani, akazunguka kiwanja kizima ili kila mtu amwone anatembea.

Sange hakungoja kucheka. Alinyakua chungu chake, akakimbia nyumbani, akakoroga uji. Kidoto akanywa, akalamba kata, akaomba mwingine. Hapo ndipo mama yake alipokaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hata ndani ya miili yetu, wanangu, katika chembe hai ambazo macho hayazioni, mna vijitone vya protini visivyo na ukuta. Hukusanyika kwa kazi, kisha huyeyuka. Vikigoma kuyeyuka, vikawa vigumu, mtu anaweza kuugua, hata ubongo wake ukadhoofika, na waganga bado wanatafuta dawa ya kuvilainisha kama maji ya Sange.

Basi shikeni hili: kukusanyika kuna faida, ila asiyejua kuachana huwaletea wenzake maradhi.