Majivu Ndani ya Chungu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Atakayesinzia, ajisimulie mwenyewe.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na mji kando ya mto, na mfalme wake Mruma. Mfalme huyu alikuwa na baraza. Ndiyo, baraza! Kila jambo aliwauliza watu. Lakini aliwaulizaje? Alisimama, mikuki mia nyuma yake, akasema, "Asiyetaka na aseme."

Kimya.

"Asiyetaka na aseme!"

Kimya.

Mara ya tatu, kimya. "Basi mmekubali," husema, na baraza limekwisha. Wewe unayecheka hapo, ungesema? Thubutu!

Siku moja akauliza jambo zito. "Kesho kutwa tunavuka mto. Tunauchoma mji wa ng'ambo, tunachukua malisho yao. Asiyetaka na aseme."

Sasa, alikuwapo mjane mmoja mfinyanzi, Mama Nakiete. Nakiete, mwanawe wa pekee, aliolewa ng'ambo hiyo hiyo. Alikuwa amejifungua, na mtoto hajatimiza arobaini. Mama akatazama kulia, jirani anatazama miguu yake. Akatazama kushoto, jirani anatazama miguu yake. Moyo ukamuuma, jamani, ukamuuma hata akasimama bila kujijua.

"Mfalme wetu," akasema, "watu wako hawajui kusema. Nipe kesho nikuletee vyungu viwili. Mikono iseme badala ya midomo."

"Itasemaje, Mama Nakiete?"

"Kila mtu apewe kunde moja na njugu mawe moja. Kunde ni amani, njugu ni vita. Anayoitaka aiache katika chungu cha kwanza, anayoikataa aitupe katika cha pili. Aondoke mikono mitupu."

Mfalme akacheka. Alijua watu ni wake. "Lete vyungu!"

Kesho yake vikaletwa, vina matumbo makubwa na midomo myembamba, ngumi inapita kwa shida. Kibacha, mkuu wa mikuki, akakigonga kimoja. Ko! Akamnong'oneza mfalme, "Njugu ni nzito, kunde ni nyepesi. Nitakaa karibu nitege sikio. Nitawajua mmoja mmoja."

Mama Nakiete hakuyasikia maneno hayo, ila ule mkono uliogonga aliuona. Akarudi jikoni kwake, akazoa majivu ya mafiga, akayamimina vyunguni Kibacha alipogeuka kuwaita watu. Mwingi wa habari hakosi wa kumpita, wenzangu.

Watu wakapanga mstari. Wa kwanza akaingiza ngumi. Kibacha akatega sikio. Kimya. Wa pili. Kimya. Wa tatu. Kimya. Kimya kile kile cha barazani, lakini safari hii kilikuwa chao wenyewe. Wakapita wote, ikapita mikuki mia, akapita Kibacha, mwisho akapita mfalme.

Chungu cha kwanza kikamiminwa juu ya mkeka. Vumbi la majivu likatimka. Likatulia. Kunde. Kunde. Kunde tupu, na njugu moja.

Mfalme akaiokota. "Hii ni yangu," akasema. Akamgeukia Kibacha. "Hata wewe?"

Kibacha akatazama miguu yake. "Mama yangu alizaliwa ng'ambo, mfalme wetu."

"Miaka yote hii mbona hamkuniambia?"

Mama Nakiete akamjibu, "Ulituuliza mikuki ikiwa nyuma yako. Na wenye mikuki nao walikuwa wakiogopana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wengi wape, mfalme wetu."

Mfalme akaitazama ile mikuki. Ilikuwa mia, na kunde zake zilikuwa pale mkekani. Avuke mto na nani? Akaiweka njugu yake chini, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Siku hiyo hiyo Mama Nakiete akavuka mto. Alimpakata mjukuu wake, majivu yamemganda hadi kiwikoni, akalia mpaka akachoka.

Ndiyo maana, nilivyoambiwa mimi, sanduku la kura lina tundu jembamba, na mpiga kura huachwa peke yake. Serikali za leo zina majumba na magari, lakini zimetoka katika tundu lile. Basi mkimwona mtu amesimama karibu na sanduku, katega sikio, msiinamishe vichwa. Ulizeni: majivu yako wapi?

Chungu changu nimekifunika. Kama hadithi ni tamu, gawaneni nyote. Kama ni mbaya, niachieni mimi niliyeipika.