Kwa Nini Malango ya Kiini Hugawa kwa Kanuni Moja

Sogeeni karibu, maana habari hii nimeisimulia hadi sauti imechoka. Zamani, kompyuta zilipokuwa bado hazina adabu, ndani ya kila mtambo kulikuwa na mji uitwao Kiini, uliouendesha mtambo wote. Mji huo haukujua nusu wala robo. Wageni walifika na mizigo, nao walinzi wa malango wakawagawia vyumba, kila chumba mizigo minne.

Shida ilikuwa masalio. Mlinzi wa lango la juu aliyapuuza: mwenye mizigo tisa alipewa vyumba viwili, na ule wa tisa ukasukumwa kwa jirani, ukaponda vitu vyake. Mlinzi wa lango la chini, kwa kuogopa lawama, alimwongezea kila mtu chumba kimoja, hata mwenye mizigo minane. Vyumba vikaisha. Kila ugomvi ulipopamba moto mtambo ulizimika, na ulipowaka tena hakuna aliyekumbuka lolote. Kilichochongwa kwenye mbao tu ndicho kilichobaki.

Bi Mwanahawa, msuluhishi wa mji, alikuwa hoi. Kila mtambo ulipowaka alijikuta na mtoto mapajani asiyemjua jina. Alimpa jina, akalichonga kwenye mwimo wa mlango, na hapo ndipo alipoyaona mengine juu yake, yote kwa mkono wake mwenyewe: Mashaka, Chausiku, Tabu. Alishindwa kujua lipi ndilo. Iliuma.

Siku hiyo hakwenda kusuluhisha mtu. Alichukua patasi, akachonga juu ya kila lango: “Hesabu mizigo, ongeza mitatu kwanza, kisha gawa kwa minne. Kinachosalia, kiache.”

“Bi mkubwa,” walinzi wakanuna, “kugawa tunajua tangu utotoni.”

“Mnajua, baba zangu. Ila kila mmoja anajua kivyake, na mimi nimechoka.”

Wakajaribu. Mwenye tisa akapata vitatu, mwenye minane viwili, jirani hakuguswa, na mtambo haukuzimika. Kulipokucha, mama akamwita mwanawe kwa jina la jana. Mtoto akaitika. Bi Mwanahawa akakaa kizingitini akalia.

Na tangu siku hiyo, ndani ya kiini cha mtambo hakuna anayegawa kwa kichwa chake. Kila lango huiita kanuni ile moja. Vijana wanaoandika programu huiona ndogo, huipita bila hata salamu. Na waipite tu, mradi waiite. Bi Mwanahawa amelala.