Barafu Iliyofika Ikiwa Maji

Hapo zamani, wakati wa ukame uliowafanya watu wasahau sauti ya mvua juu ya paa, aliishi mwanamke akiitwa Nakijwa. Nyumba yake ilikuwa tambarare, nchi ya vumbi na miiba, na kutoka mlangoni pake ulionekana mlima mrefu wenye kilele cheupe. Watu wa huko waliutazama mlima ule kila asubuhi, lakini ni wachache mno waliowahi kuukaribia.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Nanzia, binti ambaye meno ya utoto ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yakimng'oka. Akisifiwa mtoto, Nakijwa hujibu, "Huyu ndiye mwanangu, huyu ndiye mume wangu, huyu ndiye shamba nililobakiwa nalo."

Siku moja Nanzia akashikwa na homa. Ukimgusa kwenye paji la uso, ulirudisha mkono upesi kama aliyegusa chungu jikoni. Wakamchemshia mizizi, homa haikushuka. Wakamfukiza majani, homa haikushuka. Mganga akaja, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Joto hili litamla," akasema. "Mtafutieni kitu cha baridi awekewe kichwani. Baridi kwelikweli. Na upesi."

Baridi itoke wapi? Kisima kilikuwa kimekauka. Maji ya kunywa yalitoka mbali, yakipimwa kwa kata ya kuchotea. Hata upepo ulikuwa wa moto.

Mama yake Nakijwa, bibi kizee Nanjara, alikuwa ameketi pembeni. Huyu alizaliwa kule mlimani, akaolewa tambarare. Akasema, "Kule juu kuna barafu."

Mshitu, kaka yake Nakijwa, mjomba wa mtoto, akasimama. "Nitakwenda mimi."

"Sikiliza kwanza," bibi akasema. "Kila kitu kimeumbwa kwa chembe ndogo mno, jicho haliziwezi. Ndani ya barafu chembe hizo zimeshikana mikono. Hazihami, zinatetemeka tu papo hapo. Joto ni nguvu, Mshitu. Likiingia, chembe hutetemeka zaidi na zaidi, mwisho huachiana, zikaanza kuteleza huku na huko. Hayo ndiyo maji. Basi kazi yako ni moja, joto lisiingie. Ifunge kwa majani makavu ya mgomba, juu yake ngozi ya mbuzi. Na usifunue. Hata ukiitwa na nani, usifunue. Joto likizidi kuingia, hata maji nayo..."

"Mama!" Nakijwa akamkatiza. "Mwanangu anakufa na wewe unasimulia! Nyamaza, mwache mtu aende!"

Bibi Nanjara akanyamaza. Mshitu akatoka.

Siku zile za kungoja, Nakijwa hakuondoka kando ya kitanda. Mtoto akifumbua macho, alikuwa akiuliza, "Mama, imefika?"

"Iko njiani."

"Barafu inang'ata?"

"Haing'ati, mwanangu. Itakupoza tu."

Nakijwa akaona kaka yake anachelewa. Akamwita wifi yake, Naetwe, dada wa marehemu mumewe, akamwambia, "Nenda ukampokee njiani. Huenda amechoka." Naetwe akachukua chungu chenye akiba ya maji, akaondoka mbio.

Mchana mmoja, jua likiwa kali, Naetwe akarudi. Alikuwa amelowa jasho, anahema, chungu amekikumbatia kifuani. Nakijwa akamrukia, akatumbukiza mkono mle ndani. Maji. Maji ya uvuguvugu kama mate.

"Barafu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, wifi."

"Hiyo? Naetwe, hayo ni maji! Nimeomba barafu, umeniletea maji!"

Uchungu ukampanda. Akakinyakua chungu, akakibwaga uani. Kikapasuka. Wanawake wakapiga yowe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mtu akimwaga maji mwaka ule. Ardhi ikayanywa kabla mtu hajainama. Naetwe akaanguka chini akalia. Bibi Nanjara alinyanyuka nusu, mdomo wazi, kisha akaketi tena.

Nakijwa akarudi kitandani. Akampepea mtoto kwa khanga. Alipepea mpaka mikono ikafa ganzi, na jua lilipoanza kuegemea upande wa mlima, Nanzia akavuta pumzi, na pumzi ile haikutoka tena.

Kesho yake asubuhi watu wakakusanyika makaburini. Kaburi lilikuwa dogo mno hata wachimbaji waliona haya kuliangalia. Mshitu akafika wakati ule ule, akichechemea, ameegemea bega la mchungaji mmoja wa mbuzi ambaye hakuna aliyemjua. Aliliona kaburi, akaelewa.

Mzee wa ukoo, Senkondo, akasema, "Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Watu wa karibu ndio wanaotangulia kutupa udongo. Lakini mkono uliochangia kifo hautupi udongo. Mwenye mkono huo hukaa kando, wengine wakazika. Nimesikia maneno mengi tangu jana. Yasemwe hapa, kabla hatujamfukia mtoto."

Nakijwa akanyoosha kidole. "Akae kando Naetwe. Alipewa barafu, akaifikisha ikiwa maji."

Naetwe akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Nilimkuta Mshitu amekaa chini, miguu imevimba, hawezi kusimama. Nikapokea mzigo. Majani ya mgomba yalikuwa yamelowa, ngozi imelowa, mzigo mzito, nikashindwa kukimbia nao. Nikavitupa vyote. Nikaitia barafu kwenye chungu, kilichobaki kitupu baada ya Mshitu kunywa, nikaikumbatia, nikakimbia. Kila nikitia kidole, maji yalikuwa baridi ya kuuma. Hata barafu ilipobaki kama yai, baridi ilikuwa ileile. Nikasema moyoni, baridi ipo, tutafika. Kipande cha mwisho kilipoisha, ndipo maji yakaanza kupata moto, nami nimeshakiona kijiji. Wifi, ningetembea polepole na mzigo wote ule, ningefika na barafu, nikute maiti. Nilikimbia ili nimkute hai. Na nilimkuta hai."

"Ndivyo barafu ilivyo," bibi Nanjara akasema kwa sauti ndogo. "Joto la kifua chako lilikuwa likiingia njia nzima, na la jua pia. Lakini lote lilitumika kuziachanisha chembe mikono, halikubaki la kuyapasha maji. Kwa hiyo baridi haibadiliki mpaka barafu iishe. Kidole chako hakikuweza kujua."

Naetwe akamgeukia Mshitu. "Lakini mzigo haukuwa mzima uliponifikia. Ulikuwa umelegea, unadondosha maji. Sema."

Mshitu akasema, "Ni kweli. Nilifunua."

"Ulifunua?" Nakijwa akauliza. "Uliambiwa usifunue hata ukiitwa na nani!"

"Huyu hakuniita, dada. Hakuwa na sauti ya kuita." Akamwonyesha mchungaji aliyemshika bega. "Nilimkuta kando ya njia, jua limempiga, ulimi umevimba umejaa kinywa. Nilimpita. Wallahi, nilimpita. Nikaenda hatua chache, miguu ikakataa. Nikarudi. Nikafungua mzigo, nikamvunjia kipande nikamtia kinywani, kingine nikampaka usoni. Nikakaa naye mpaka akafumbua macho. Nilipofunga tena, sikufunga vizuri kama mwanzo, na joto la jua lilikuwa limeshaingia ndani. Nilifanya kosa? Basi niambieni, ningempita huyu nije nimwekee barafu Nanzia kwa mkono upi?"

Mchungaji alilitazama kaburi la mtoto. Akafunika uso kwa shuka yake, mabega yakawa yanatikisika.

Hapo bibi Nanjara akajikongoja mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Barafu iliyeyuka, sawa," akasema. "Lakini maji yale yangefaa."

Nakijwa akageuka polepole. "Unasemaje, mama?"

"Maji yaliyo juu ya ngozi yenye moto hayatulii. Chembe zenye mbio kuliko nyingine huchomoka, zikaruka hewani zikiwa mvuke, na haziendi mikono mitupu. Huondoka na joto la ngozi. Zinazobaki ni zile za polepole, na ngozi hupoa. Mama yangu alitupangusa hivyo tulipougua, akatupepea. Wewe jana ulimpepea mtoto mkavu. Ungempangusa kwa maji yale, hata yakiwa ya uvuguvugu, homa ingeshuka. Kama angepona, sijui. Lakini ingeshuka."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Nilidhani barafu inakuja. Sikutaka yaguswe maji ya kunywa. Na nilipoanza kueleza habari za maji na mvuke, uliniambia ninyamaze. Tangu hapo hukunitazama usoni, nami nikaona uchungu, nikasema basi, nitanyamaza. Jana nilipofungua mdomo, chungu kilikuwa kimeshapasuka, na nyumbani hapakuwa na tone lingine."

"Ungenipiga kofi, mama!" Nakijwa akalia. "Ungenipiga kofi, ukasema!"

"Ningekupiga," bibi akasema. "Ningekupiga, mwanangu."

Nakijwa akaanguka magotini. Akaitazama mikono yake, ile iliyobwaga chungu, ile iliyopepea mpaka ikafa ganzi. Mikono ilikuwa ileile miwili. Akachota udongo. "Nilimzaa peke yangu," akasema. "Baba yake hakumwona. Mkinikataza nisimzike, nani atamwambia mwanangu kwamba mimi ndiye niliyekuwa naye mpaka mwisho?"

Naetwe naye akachota udongo. "Mimi ni damu ya baba yake. Hana mwingine upande ule."

Mshitu akainama kwa taabu, akachota. Bibi Nanjara akachota, kidogo tu, kadiri vidole vyake vilivyoweza kushika.

Mzee Senkondo akawatazama wote wanne, udongo ukiwa mkononi mwa kila mmoja. Jua likazidi kupanda, na mtoto alikuwa bado hajafukiwa.

Wenzangu, mimi niliyeisimulia nimefika hapa, na shauri la mzee sikulipata. Nawaachia ninyi mnaosikiliza. Yupo aliyefunua mzigo akamwokoa mgeni. Yupo aliyetupa majani ili awahi. Yupo aliyejua akanyamaza. Na yupo mama, aliyemwaga.

Je, nani alistahili kuambiwa, "Rudisha udongo wako chini, ukae kando"?