Kwa Nini Wenye Tope Makalioni Hupishwa Kisimani

Zamani hizo, kabla tope halijapata heshima yake, mtu wa Mlima Irizi aliyeonekana na tope makalioni alichekwa kuanzia kisimani hadi mlangoni kwake. Walimuuliza kama ameanza kutembea jana, kama ardhi imempenda kiasi cha kumvuta, na mengine ambayo sitayasema hapa mbele ya wakwe. Watu wa Irizi walijivunia kutembea wima mahali ambapo hata mbuzi husitasita.

Wakati huo aliishi mwanamke aitwaye Wakesho, na jembe lake lilikuwa na sifa mlima mzima. Shamba lake la mahindi lilikuwa safi mno, kuku walilipita bila kuligeukia. Basi gugu la miiba lilipoingia msituni, likapanda miti na kuikaba, majirani wakaunda kikoa ili waupalilie msitu kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza nani atawaongoza.

Wakapalilia. Lo, walipalilia! Wakesho mbele, kikoa nyuma, nyimbo juu. Waliukuta msitu umejaa miiba, wakauacha chini peupe kama uwanja wa harusi. Kila kijani kilichosimama chini ya goti kiling'olewa, maana Wakesho alikuwa na sheria moja tu: kisicho na jina ni gugu. Miti ikapumua, na yeye akawa anatembea kwa madaha kama mama wa bwana harusi.

Katika miti yote, mdungulu ndio uliopendwa kuliko mingine. Matunda yake yaliwaita ndege hondohondo kila mwaka, na kokwa zake nyeusi zenye mstari mweupe ndizo zilizochezewa bao kila nyumba. Ilikuwa imebaki michache, yote vikongwe. Masika yalipofika, upepo ukauangusha ule mkubwa wa kisimani, na mwaka uliofuata ukaanguka mwingine. Watu wakaingia msituni kutafuta miche ya kuziba mapengo. Wakatafuta pote, wasiuone hata mmoja. Wakapanda kokwa za bao, lakini hizo zilikuwa zimekaangwa kwa mafuta ili ziwe ngumu, hazikuota. Hondohondo walikuja, wakazunguka juu ya pengo, wakaenda zao.

Hapo mzee Mwakio, bingwa wa bao, akauliza kwa upole, "Wakesho mwanangu, ulipokuwa ukipalilia kule, mtoto wa mdungulu ulimwona yukoje?"

Wakesho hakujua. Wala aliyeuliza hakujua, wala mwingine yeyote, kwa kuwa wote waliujua mti huo kuanzia usawa wa macho kwenda juu. Alielewa kwamba mdungulu ukitoweka Irizi, utakuwa umetowekea mkononi mwake.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo majembe hayakufika, nalo ni genge lililo nyuma ya kisima. Mteremko wake ulikuwa mkali, mtu hakuweza kusimama, na kwa vile hakuna aliyetaka kuonekana akitambaa, kikoa kilikuwa kimeliachia gugu. Wakesho akasema atakwenda huko huko. Wenzake wakamsindikiza hadi ukingoni, wakabaki juu kutazama.

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, tope likamnyakua. Alikaa chini kwa kishindo, akateleza kwa makalio, kanga ikipepea nyuma yake, mpaka kichaka cha miiba kilipomdaka. Juu kule watu walishikana mabega kwa kucheka. Aliyecheka zaidi ni wifi yake, Mkamburi, aliyekuwa akiisubiri siku hiyo tangu Wakesho alipoolewa na kaka yake.

"Wifi! Umefika salama? Tukutupie mto?"

Mbele ya pua ya Wakesho, katikati ya miiba, ulisimama mche mdogo wenye majani membamba yenye meno na manyoya, tofauti kabisa na majani mapana ya mdungulu. Aliufahamu sana. Ameng'oa malundo yake. Mkono ukaenda wenyewe kuung'oa na huu, lakini safari hii macho yalikuwa karibu, yakauwahi mkono. Kwenye shina, chini kabisa, kokwa iliyopasuka ilikuwa bado imeshikilia. Nyeusi, yenye mstari mweupe. Akatazama mche wa pili, nao una kokwa. Genge zima lilikuwa limejaa.

Alilia na kucheka kwa pamoja. "Wifi, shuka!"

"Nishuke vipi na huko hakusimamiki?"

"Shuka kwa makalio, kama mimi! Shukeni wote! Watoto wa mdungulu wako hapa. Nimewang'oa miaka yote kwa sababu sijawahi kukaa chini nikawatazama!"

Mkamburi akakaza kanga, akaketi, akaja akiteleza huku akipiga vigelegele. Wakafuata wengine, hata mzee Mwakio na fimbo yake. Siku hiyo kikoa kilipalilia kwa kukaa, kikitoa gugu kwa vidole na kuangalia shina la kila mche kabla ya kuugusa. Jioni walipita kisimani wametapakaa tope mpaka kiunoni, na miche ya kupanda ikiwa mikononi. Waliokuwa wakiteka maji hawakucheka. Walisogeza mitungi, wakawapisha.

Na tangu siku hiyo watu wa Irizi huupalilia msitu wakiwa wameketi, hondohondo hawakosi kisimani, na mwenye tope makalioni hateki maji wa mwisho. Wapo wajanja wanaojipaka tope nyumbani ili wapishwe. Hao huulizwa tu mtoto wa mdungulu yukoje, kisha hurudishwa nyuma ya foleni.