Kijiji Kilichojiezua

Ndugu zangu, nisikilizeni kabla sijakasirika, maana mfano huu huniudhi kila ninapousimulia.

Palikuwa na kijiji kimoja kilichokatwa katikati na barabara, katika nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu wa juu ya barabara na watu wa chini hawakuingiliana tena. Walichunguliana tu. Na vita vilikuwa vimewafundisha jambo moja: ukikimbia ukaiacha nyumba na paa lake, ukirudi hukuti bati hata moja. Kwa hiyo mtu akisikia hatari, anaezua kwanza, anafukia mabati shambani, ndipo anakimbia.

Basi ukaja mwaka mbaya. Uchaguzi ukaahirishwa mara mbili. Chumvi ikaadimika. Redio ilisema hivi asubuhi, jioni ikasema vingine. Watu walilala na viatu miguuni. Mnaujua mwaka wa namna hiyo, sina haja ya kuwaeleza.

Asubuhi moja, mama mmoja wa chini ya barabara alikuwa anamnywesha uji mama yake mzazi, kikongwe ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi siku nyingi. Akasikia nyundo. Akachungulia. Ng'ambo ya barabara jirani yake alikuwa juu ya nyumba, anang'oa bati. Bakuli likamtoka mkononi.

Akamwambia kikongwe kwamba wanaondoka. Kikongwe akauliza kuna nini. Akajibiwa kuwa yule bwana anaezua, na watu wa upande wake siku zote hupata habari mapema.

"Nenda ukamuulize," kikongwe akasema.

"Mama, nitamuulizaje? Tangu vita sijamwambia hata habari za asubuhi."

"Basi mwambie leo. Mimi njia ya msituni siiwezi, mwanangu."

Ni hatua ngapi kuvuka barabara? Ishirini? Tuseme thelathini, nisionekane namwonea. Hakuvuka. Alichukua nyundo akapanda juu ya nyumba yake. Wa nyumba ya pili akamwona, naye akapanda. Kufika saa nne kijiji kizima kilikuwa kinang'oa misumari, juu na chini ya barabara, na kufika saa sita hapakuwa na nyumba yenye paa. Adui yuko wapi? Nani amemwona? Hakuna aliyeuliza, kila mtu alikuwa na haraka na bati lake.

Wakakimbilia msituni. Kikongwe alibebwa juu ya kitanda. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na mabati yote yako ardhini kule nyumbani. Siku ya tatu kikongwe akaanza kuhema kwa shida. Binti yake akahangaika huku na huku akiomba kitu kikavu cha kumfunika, na mtu aliyevua koti lake akampa alikuwa yule jirani wa ng'ambo. Hapo ndipo mama yule alipouliza. Hapo!

"Jirani, ulisikia nini siku ile?"

"Mimi? Sikusikia kitu. Bati langu moja lilikuwa linavuja, nikapanda kulibadilisha. Nilipogeuka nikakuona wewe unaezua nyumba nzima. Nikasema moyoni, huyu mama amesikia jambo."

Kikongwe alikuwa anawasikia wote wawili. Alikufa mchana ule ule, na koti la jirani likiwa juu yake. Waliporudi nyumbani walikuta kila kitu kama walivyokiacha. Hakuja askari, hakuja mwasi, hakuja hata mwizi. Mvua tu ndiyo iliyokuwa imeingia ndani.

Mnatikisa vichwa. Mnamhurumia kikongwe, na mnafanya vema. Lakini mimi nina hasira na binti yake, na sababu ya hasira hiyo ni kwamba namfahamu. Jumatatu iliyopita nilimwona jirani yangu anapakia magodoro kwenye gari. Nikarudi ndani, nikamwambia mke wangu tufunge mizigo. Mizigo iko mlangoni mpaka leo, na mimi mchungaji wenu sijamuuliza yule mtu kitu.

Sisi ndivyo tulivyo mwaka huu. Tunajua nani amenunua mafuta ya taa mengi, nani amewatoa watoto shule, nani amefunga duka mapema, na hatujui hata mmoja wao anaogopa nini. Sisemi hatari haipo. Huenda ipo, mimi si nabii. Lakini kama ipo, kwa nini tusiisikie vinywani mwa wenzetu? Kwa nini kikongwe wa mtu afe kwa sababu sisi tunaona haya kusalimiana?

Na humu ndani tumekaaje? Wa lugha hii kushoto, wa lugha ile kulia, na mbele za Mungu hatuoni aibu.

Mahubiri yamekwisha, ila baraka sitoi bado. Nashuka hapa mimbarani, naenda benchi la nne upande ule, alipoketi jirani yangu, nikamuulize alikuwa anapeleka wapi magodoro. Ninyi msikae kunitazama. Inukeni.