Kamati ya Kisima na Chakula cha Mfalme

Kiangazi hicho hakikuwa na haya. Mito ilikauka, majani yakageuka vumbi, kikabaki kisima kimoja tu. Kisima kilikuwa chini ya Kamati, na Kamati, kwa bahati mbaya ya wote, ilikuwa chini ya Fisi.

Asubuhi moja Fisi akatangaza: "Kamati imeamua! Wanyama wadogo wanachafua maji. Kuanzia leo, marufuku kuteka!"

Wajumbe wenzake nao ndiyo kwanza walikuwa wanausikia uamuzi huo. Fisi alikuwa amekaa kikao peke yake, akakubaliana na nafsi yake. Alipokwisha kutangaza, akaingia kisimani kuoga.

Sungura akarudi nyumbani na kibuyu kitupu. Wanawe walikuwa wamejilaza chini, midomo imewapasuka, hata kulia hawawezi. Roho ilimuuma sana. Kisha akajikuna sikio, na Sungura akijikuna sikio, ujue kuna mtu ataumbuka.

Akaenda kushtaki kwa Simba, mfalme na hakimu wa nchi ile. Simba akatunisha kifua.

"Mimi sisimamii visima, Sungura. Kazi hiyo nimeipa Kamati."

"Sikuombi unigawie maji, Mheshimiwa. Naomba uangalie tu walivyoamua. Je, walitusikiliza?"

Fisi akaitwa barazani, akaapa mkono juu: "Kamati yangu haiamui neno kabla ya kumsikiliza kila anayehusika!"

Alipokuwa bado anaapa, mke wa Simba akaleta chakula cha mchana cha mumewe, kama desturi yake. Sungura akamkimbilia. "Shikamoo, mama. Lete nikupokee." Akakiweka chano katikati ya baraza, kimefunikwa kawa, mbele kabisa ya pua ya Fisi. Harufu ya nyama ya kuchoma ikamkatiza kiapo.

"Mheshimiwa, turuhusu tumwone Mwenyekiti akiwa kazini," Sungura akasema. "Mwenyekiti, chakula hiki ni cha nani? Kamati iamue."

Simba alikijua chakula chake. Lakini mfalme mzima hawezi kujinadia chakula mbele ya raia, kwa hiyo akangoja aulizwe.

Fisi hakuuliza mtu. "Kamati imeamua! Ni changu!" Kawa likaruka huko, paja likaingia kinywani na mfupa wake.

Simba akanguruma mpaka vumbi likatimka. "Mbona hukuniuliza?"

"Hata sisi hakutuuliza, Mheshimiwa," Sungura akasema kwa upole.

Pale pale Simba akaufuta uamuzi wa kisima. Akaagiza Kamati ikae upya, iwasikilize wote, na Fisi asiikanyage tena. Kisha akashuka kitini, makucha nje.

"Jamani, nisikilizwe!" Fisi akalia, amejibanza nyuma ya Sungura. "Nami nisikilizwe kwanza!"

"Msikilize, Mheshimiwa," Sungura akasema. "Ni haki yake."

Akachukua kibuyu chake, akaenda kisimani, akateka, akawapelekea wanawe. Watoto walikunywa mpaka wakaanza kurushiana maji, na huko barazani Fisi alikuwa bado anajieleza, na Simba bado ana njaa.